Tangi Lisilowahi Kujaa

Mnisamehe, sitakaa. Daftari hili nimeliweka juu ya friji na ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa mistari miwili tu miguu inaanza kuniwasha. Mke wangu, Mama Zuhura, husema nimestaafu mwili mzima isipokuwa miguu na pua. Hasemi uongo. Gereji ya Kariobangi niliiacha miaka mitano iliyopita, lakini gari likiwashwa hapa chini kwenye ploti, mimi huyo dirishani, nanusa. Juzi jirani alinikuta nimeinama nyuma ya gari lake akadhani nataka kumng'olea taa.

Nyinyi vijana mnaoshika spana siku hizi mmeniomba niwaandikie siri za kazi. Siri gani? Kazi hii haina siri, ina makosa tu, na aliyekosea mara nyingi bila kufukuzwa ndiye mnayemwita mtaalamu. Nitawaandikia kosa langu moja, la gari la Mwalimu Nafula, lililokaribia kuwachoma watoto watatu asubuhi kweupe huku mimi ndiye niliyelipatia gari hilo cheti cha afya. Lakini siwezi kuliingia moja kwa moja. Nikilianza ghafla nitashuka ngazi nikatembee, na sitarudi leo.

Nianze na Mzee Mwaniki, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiye na nyusi. Nyusi alizipoteza siku alipowasha kiberiti chini ya gari ili aone petroli inavujia wapi. "Na nikaona," alikuwa akisema. "Nikaona vizuri sana." Siku yangu ya kwanza, kabla hajanipa hata bisibisi, alinishika kidole akanipapasisha pale nyusi zilipokuwa. "Hiyo ndiyo karo yako, Athumani. Mimi nimeshakulipia. Wewe tumia tochi." Tangu siku hiyo sijawahi kuingia na moto chini ya gari, na anayevuta sigara karibu na kazi yangu namwambia akavutie kwao.

Mzee Mwaniki ndiye aliyenifundisha kwamba petroli ni mwongo. Oili ikivuja inakaa pale pale inakungoja, ina heshima. Petroli inavuja na kukimbia. Ukifika umeinama na tochi yako, hewa imeshainywa, na unabaki na harufu isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo usitafute pale palipolowa. Tafuta palipo safi. Gari la Eastlands kwa chini limejaa vumbi, tope la mwaka juzi na grisi iliyoganda, na petroli ikipita huosha. Ukiona kijia kisafi katikati ya uchafu, umemshika mwizi kwa nyayo zake.

Halafu uliza maswali. Gari linavuja injini ikiwa inanguruma, ukizima linanyamaza? Basi ni upande wa pampu, petroli inasukumwa, angalia mipira ya kuelekea kabureta. Linavuja likiwa limelala tu? Angalia tangi lenyewe na paipu za chini. Linanuka likiwa juani tu? Angalia kifuniko. Haya magari yenu ya sasa yana pampu ndani ya tangi na petroli inatembea kwa nguvu nyingi sana, usifungue mpira wowote kabla hujatoa ile presha, itakurukia machoni. Mna mashine inayosoma ugonjwa na kuuandika kwa namba. Nzuri. Lakini mashine hiyo haijawahi kumuuliza mwenye gari, "Jana ulienda wapi?"

Ngoja. Kuna mtu anawasha gari.

Nimerudi. Ni la kijana wa ghorofa ya tatu, halina neno, linachoma oili kidogo tu. Nimemwambia. Amenijibu, "Niaje, mzee, wewe hulali?" saa nne ya asubuhi.

Pale gereji waliniita Fundi Pua. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa. Gari likiingia getini, kabla mwenyewe hajafungua mlango, mimi nimeshasema: hili ni klachi, hili ni waya umeungua, hili kuna mtoto ametapika nyuma. Watu walileta magari nipige ramli. Kiburi kilinikaa puani kama kamasi.

Pua hiyo iliaibika mara moja tu kabla ya habari ya Mwalimu, na aliyeiaibisha ni mbuzi. Jamaa mmoja wa Kiamaiko alikuwa na pikapu ya kubebea mbuzi kwenda machinjioni. Akaniambia inakula mafuta kupita kiasi, huenda inavuja. Nikainama ninuse. Wallahi, pua ilikutana na beberu ikasalimu amri. Nilinusa mbele, beberu. Nilinusa nyuma, beberu. Ndipo nikakumbuka shule ya chekechea iliyopakana na gereji, nikaenda kuomba chaki. Nikafuta paipu zote za chini zikakauka, nikazipaka chaki mpaka zikawa nyeupe, nikawasha injini, nikangoja. Baada ya muda mahali pamoja pakajichora mstari mweusi mwembamba. Mwenye pikapu akachungulia. "Fundi, umeipaka gari yangu poda?" Nikamwambia inaenda harusini.

Ishikeni hiyo ya chaki. Ni rahisi, na haidanganywi na beberu. Ile ya sabuni ya kipande mnaijua, mnayosugua kwenye tundu la tangi ili lizibe. Inaziba kweli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Lakini hiyo ni bandeji ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, si dawa. Nimeona matangi yaliyokaa na sabuni miaka mitatu, mvua ikanyesha, sabuni ikafanya kazi yake ya kuzaliwa nayo.

Sasa sina pa kujificha. Nimlete Mwalimu.

Mwalimu Nafula alikuwa jirani yetu hapa Umoja, mama wa watoto watatu, mjane, mtu wa Bungoma, mwalimu wa shule ya msingi. Gari lake lilikuwa la zamani, lile la kisogo kirefu ambalo unaweza kutia kitanda na wageni wakabaki na nafasi. Marehemu mumewe alilinunua likiwa tayari zee. Mwalimu alilitunza, na mimi nililitunza. Kila lilichougua lilikuja kwangu.

Kabla sijaendelea, lazima muelewe jambo ambalo sisi wa huku tunalijua mpaka hatulioni tena. Hapa kwetu hakuna anayejaza tangi. Ukifika kwa pampu unasema, "Weka ya mia mbili." Siku ukiwa na wageni unasema, "Weka ya mia tano." Mfuko ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba gari linalala nje, na kuna watu wanaopita na mpira wa kunyonyea, ukijaza umewajazia wao. Kwa hiyo mshale wa mafuta huku kwetu umezoea kulala chini. Tangi linajaa siku moja tu, siku ya kwenda ushago, kijijini kwenu.

Na gereji nako tulikuwa na mila yetu. Gari lenye tatizo la mafuta, kabla hujaliinua, unalinyonya tangi lote ukaweka petroli kwenye mtungi mbali na kazi. Ni mila nzuri, Mzee Mwaniki aliilipia kwa nyusi, msiiache. Lakini ona: sisi tulikuwa tunamfukuza mwizi nyumbani, halafu tunaingia na tochi kumtafuta.

Mwalimu alikuja siku ya Alhamisi. Mamake mzazi alikuwa amefariki kule Bungoma, mazishi ni Jumamosi, na yeye ndiye kifungua mimba. Alitaka kuondoka Ijumaa asubuhi na watoto, ampitie mdogo wake anayekaa Kware, waende pamoja. Macho yalikuwa yamevimba.

"Fundi," akaniambia, "hii gari inanuka petroli. Lakini si kila siku."

"Inanuka lini?"

"Krismasi ilinuka, tukienda nyumbani. Nikafikiri ni mambo ya safari. Halafu Pasaka ikanuka tena."

Nikacheka. Nikasema kwa sauti ili gereji nzima isikie, "Mwalimu, hii gari imeokoka! Inafukiza ubani siku za sikukuu tu!"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, na huzuni yake yote, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Ninaandika hili kwa aibu. Mgonjwa alikuwa amenieleza ugonjwa wake wote kwa sentensi mbili, mahali unapouma na saa unapouma, nami nikaufanya kichekesho.

Nikanyonya tangi kama kawaida. Nikaingia chini, nikanusa, nikapapasa. Karibu na pampu nikakuta klipu moja imelegea nusu mzunguko, na pembeni yake unyevunyevu. Nikafurahi kama mtu aliyeokota simu. Nikakaza klipu, nikapaka chaki, nikarudisha petroli lita mbili za kujaribia, nikawasha. Chaki ikabaki nyeupe. Nikapangusa mikono.

"Gari mzima, Mwalimu. Kesho jaza tangi, nenda ukamzike mama."

Jaza tangi. Nililisema mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Ijumaa ni siku ya maji kwenye mtaa wetu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeketi mlangoni na kikombe cha chai, Mama Zuhura akipanga mitungi chini ya mfereji. Wakati huo nilikuwa bado naweza kukaa. Nikamwona anajaza mtungi wa kwanza mpaka mdomoni, wa pili mpaka mdomoni, na wa tatu, ule wa njano, akaufunga ukiwa na maji robo tatu.

"Huo mbona huujazi?"

"Una ufa begani. Si wewe uliuangusha?"

"Mbona sijawahi kuuona ukivuja?"

"Utauonaje? Nikiishia hapa hautoi hata tone. Nikiujaza nalowa mpaka miguu. Una miezi hivyo. Kwani wewe huwa unachota maji?"

Kikombe kilinianguka. Sisemi hivyo kupamba hadithi, kilianguka na chai ikanimwagikia kwenye kikoi. Begani. Krismasi na Pasaka. Ndizo siku ambazo Mwalimu hujaza tangi. Gari lake halikuvuja chini, lilivuja begani, pale kwenye mpira mnene unaounganisha koo la kutilia mafuta na tangi. Katika gari la aina ile mpira huo umefichwa nyuma ya ubao wa ndani, ubavuni, upande wa kushoto kwa nyuma. Na mimi ubao huo nilikuwa nimeufungua miezi kadhaa nyuma. Taa ya breki ilikataa kuwaka, nikaukuta waya umekatika, nikauunga kwa kusokota na kuuviringisha tepu nyeusi. Mpira niliuona siku hiyo. Ulikuwa mkavu, una nyufanyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Nikafunga ubao, maana nilikuwa nimeitwa kwa taa.

Kwa hiyo petroli ilikuwa inavuja kando ya waya niliousokota kwa vidole vyangu, na kila Mwalimu akikanyaga breki waya ule unapata umeme.

Gari lake lilikuwa limeshaondoka. Nilimpigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Mwalimu hakuwa mtu wa kushika simu akiendesha, na aliyemkanya ni mimi. Nikatoka na kikoi chenye chai na koti la kazi, nikasimamisha bodaboda.

"Kware. Na uende mbio."

"Mzee, kwani tunaenda matanga?"

"Tunakimbia tusiyafanye."

Yule kijana aliniangalia mara moja tu, akakata kona. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa nikihesabu vituo vya petroli barabarani na kujiambia labda hakujaza, labda pesa za msiba zimembana akaweka ya mia tano. Niliomba Mungu awe hana pesa. Ndiyo dua niliyoiomba, na sijawahi kumwambia Mwalimu.

Kware mnaijua. Maghorofa yamebanana mpaka jirani anaweza kukupasia chumvi dirishani, nguo zinadondosha maji juu ya vichwa vya watu, na chini kila hatua kuna mtu anauza kitu. Gari nililiona kutoka mbali. Mwalimu alikuwa ameliegesha pembeni ili wengine wapite, na gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limeingia mtaroni. Limeinamia kushoto. Tangi limejaa na limeinamia upande wenye ufa. Watoto watatu walikuwa kiti cha nyuma wamezungukwa na mabegi. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda juu kumchukua mdogo wake.

Chini ya gari, tone, tone, tone. Tone likawa mchirizi, mchirizi ukashuka na mtaro. Na hatua tano kule chini ya mtaro, mama mmoja alikuwa anachoma mandazi. Jiko la makaa, karai la mafuta, wateja wamesimama.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Mzee Mwaniki alinifundisha kwamba usitaje moto kabla haujawaka, watu watakimbia, na watu wakikimbia hupiga majiko mateke. Nikaenda kwa mama wa mandazi nikitembea, miguu inataka kukimbia nami naishikilia.

"Mama, habari ya asubuhi. Naomba tusogeze jiko."

"Tusogeze wapi, mzee? Si unaona mafuta iko moto na watu wako laini wanangoja?"

"Mama, nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu."

Akanusa. Nikauona uso wake ukibadilika. Hakuuliza tena. Akashika karai kwa vitambaa vyake viwili, mimi nikavua koti nikaushika mkono wa jiko, tukaondoka polepole kama watu waliobeba mgonjwa, tukapinda kona upande upepo unakotoka. Nyuma yetu mteja mmoja akalalamika, "Sasa, mama, na mandazi zangu?"

Niliporudi nilimkuta Mwalimu ametoka mlango wa jengo na mdogo wake, ameshafungua mlango wa dereva, mguu mmoja ndani. Hapo nilipiga kelele.

"Mwalimu! Usikanyage breki! Usiguse chochote!"

Watu wakacheka, mzee wa kikoi anapigia kelele gari lililosimama. Mwalimu hakucheka. Akautoa mguu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikawashusha watoto mmoja mmoja. Binti yake mkubwa alikuwa amejifunika pua kwa leso.

"Tulimwambia mama inanuka," akaniambia. "Akasema fundi ameangalia, fundi amesema iko sawa."

Nimeumia mara nyingi kazini. Jeki imeniponda kidole, asidi ya betri imenichoma goti. Hakuna kilichoniuma kama sentensi ile ya mtoto. Wale watoto walikaa ndani ya harufu ya petroli wakinyamaza, kwa sababu ya neno langu.

Tuliweka gia huru, tukalisukuma gari kwa mikono mpaka mahali tambarare. Sikugusa betri, maana hiyo nayo ukiitoa inaweza kutema cheche. Vijana waliokuwa wakijenga kwenye mjengo wa jirani wakaleta mchanga kwa toroli, tukaufukia mtaro. Milango yote wazi, tukangoja upepo ufanye kazi. Kisha nikaazima mpira na mitungi, nikanyonya tangi likabaki robo, kwa mdomo, na nikatema, na nikanyonya tena. Nilistahili ile ladha.

Nilipofungua ubao, mpira ulikuwa umepasuka upande wa juu, ufa wa urefu wa kidole. Chini yake, tepu yangu nyeusi imelowa, imeanza kubanduka, na shaba inachungulia. Nikamwita Mwalimu aone.

"Huu mpira niliuona nikaunyamazia. Na huu waya ni kazi yangu. Jana hukukosea kunieleza. Mimi ndiye sikusikia."

Aliinama akatazama. Nilingoja anitukane, ningepumua. Akasema, "Mimi huwaambia watoto darasani, jibu likija haraka sana, rudi usome swali." Halafu akauliza, "Tutaondoka saa ngapi?"

Yule kijana wa bodaboda alikuwa hajaenda popote. Nikamtuma Kariobangi aniletee vifaa vyangu na mpira mpya. Mpira wa petroli, nikamwambia, ukipewa wa maji urudishe, maana petroli huulainisha wa maji ukawa kama ugali. Nikaufunga na klipu mbili mpya, nikauunga waya kwa kiungio cha kubana, bila moto, na kuuhamisha mbali na koo la tangi. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya Alhamisi. Nikarudisha petroli yote mpaka shingoni, nikapaka chaki mpira mzima, tukaliinamisha gari makusudi, kushoto, kulia. Nikangoja. Mwalimu alitaka kuondoka nami nikakataa, nikangoja tena. Chaki ilikuwa nyeupe kama Mwalimu alivyoitoa kwenye mkoba wake.

Waliondoka kabla ya adhuhuri. Mama wa mandazi, ambaye nilikuwa nimemharibia asubuhi yote, aliwafungia watoto mandazi kwenye gazeti, ya moto, na akakataa kulipwa.

Nikarudi nyumbani. Sikukaa. Mama Zuhura aliniwekea chakula nikakila nikizunguka ua. Vijana, mtu akiwauliza fundi mzuri ni nani, msimwambie ni yule mwenye pua. Ni yule anayejua gari litafanya nini likiwa mbali naye. Nilikuwa nikiliendesha gari lile kichwani, Naivasha, Nakuru, kila breki naikanyaga mimi.

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipoita.

"Fundi, tuko Eldoret. Nimesimama nje ya kituo cha mafuta. Kesho nina mizunguko mingi, mochari, kanisani, nyumbani. Niweke ya kufika tu, ama nijaze?"

Jibu la kuniokoa mimi lilikuwa rahisi. Weka kidogo, Mwalimu. Kidogo hakivuji, mpira uwe umefungwa vizuri au vibaya, na hakuna ambaye angejua kazi yangu ilikuwaje. Ndivyo mtaa wetu wote unavyoishi.

"Jaza," nikasema. "Mpaka shingoni. Simu iweke mbali na pampu. Ukimaliza sogea kando, simama pale barabara inapoinama, zima gari. Keti kiti cha nyuma na watoto, funga vioo, ukae dakika kumi. Halafu nipigie."

Dakika zile nilizipitisha uani nikienda na kurudi. Mama Zuhura akaacha kufua, akasimama na nguo mkononi inayodondosha maji.

Simu ikaita.

"Nimejaza," akasema Mwalimu. "Tumekaa nyuma wote."

"Vuta pumzi kwa pua. Taratibu. Unasikia harufu gani?"

Nikamsikia akivuta. Akavuta tena, ndefu zaidi. Nyuma yake watoto walikuwa kimya, wamekatazwa hata kutafuna.

"Mandazi," akasema. "Nasikia mandazi tu, fundi."

Nikauvuta ule mtungi wa njano, sasa mtupu, nikaulaza chini, nikakaa juu yake.